Bima ya Afya na Kuongeza Muda wa Viza ya Kustaafu Thailand: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa Waswahili waliostaafu au wanaojiandaa kustaafu Thailand, na pia wa watoto wanaowashughulikia wazazi wao karatasi kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Muscat, London au Minneapolis. Viza na pesa za benki watu huzielewa upesi. Bima ndiyo inayowakwamisha, kwa sababu sheria inamgusa mmoja na kumwacha jirani yake mwenye umri uleule na pensheni ileile.

Je, kila mstaafu anayeongeza muda Thailand lazima awe na bima ya afya?

Hapana. Inategemea uliingia kwa mlango gani. Thailand ina viza mbili zinazotumiwa sana na wastaafu wa miaka 50 na kuendelea. Ya kwanza ni O-A, inayoombwa ubalozini ukiwa bado nje ya nchi, kwa cheti cha tabia njema, cheti cha daktari na uthibitisho wa fedha. Ya pili ni O ya kawaida, ambayo unaweza kuiomba ubalozini au ukiwa tayari ndani ya Thailand, kisha unaongezewa mwaka mmoja mmoja kwa sababu ya kustaafu.

Sharti la bima limewekwa kwa O-A. Lilianza kutumika tarehe 31 Oktoba 2019 kwa amri ya Polisi wa Kifalme namba 548/2562 (mwaka 2562 wa kalenda ya Thailand ndio 2019 wetu). Mwenye O ya kawaida anayeongeza muda kwa ajili ya kustaafu haombwi cheti cha bima. Ndiyo maana ukimuuliza mwenzako kahawani atakuapia kwamba hakuna bima inayotakiwa, na mwingine atakuapia kinyume chake. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anasema habari ya viza yake.

Nitajuaje kama mimi ni wa O-A au wa O?

Fungua pasipoti utafute viza iliyoanzisha ukaaji wako wa sasa, wala usiangalie muhuri wa mwisho peke yake. Kama viza ile ilikuwa O-A, unaendelea kuhesabiwa mtu wa O-A kila unapoongeza mwaka, hata ukiwa umeongeza mara nyingi na viza yenyewe imekwisha zamani. Ukibadilisha pasipoti, itunze ya zamani. Ofisi ya uhamiaji inaweza kutaka kuona asili ya ukaaji wako.

Bima iwe ya kiasi gani?

Mwaka 2019 sharti lilikuwa baht (pesa ya Thailand) 400,000 kwa matibabu ya kulazwa na baht 40,000 kwa matibabu ya nje. Bado utakuta kurasa nyingi na hata mawakala wanaotaja viwango hivyo. Usivifuate kabla ya kuiuliza ofisi. Kiwango kilipandishwa hadi baht 3,000,000, au dola za Marekani 100,000, kwanza kwa waombaji wapya ubalozini kuanzia Oktoba 2021, kisha kikawafikia na wale wanaoongeza muda wakiwa ndani ya nchi. Ukiuziwa bima ya 400,000/40,000 ukiambiwa ni "ya O-A", usilipe kabla ya kuiuliza ofisi utakayoomba kama inaikubali.

Tarehe za bima zilingane na nini?

Swali hili ndilo ningetaka kila mtu aniulize kabla hajalipa hata shilingi.

Mwaka mpya wa ukaaji hauanzi siku unayopeleka fomu. Unaanza pale ule wa zamani unapoishia. Ukiwa na ruhusa hadi tarehe 20 Agosti, unaweza kuomba nyongeza mwezi mmoja kabla, lakini nyongeza itakayotolewa itafika tarehe 20 Agosti ya mwaka ujao. Bima yako nayo ifike huko. Ukinunua bima ya mwaka mmoja kuanzia tarehe 15 Julai kwa sababu siku hiyo ndiyo ulipata nafasi ya kwenda kwa wakala, itakwisha 15 Julai mwaka ujao, na utakuwa na pengo la zaidi ya mwezi. Ofisa anaweza kukurudisha ukarekebishe, au akakupa muda mfupi kuliko ulioomba.

Dawa yake ni kumwambia wakala mapema: "Nataka bima ianze siku ruhusa yangu inapoisha." Kampuni za Thailand zinazouza bima hizi zimezoea ombi hilo. Cheti chenyewe ukipate kabla ya siku ya kwenda ofisini, hata kama bima bado haijaanza kufanya kazi.

Jambo hilihili lipo uwanja wa ndege. Mtu anayeingia kwa O-A iliyo hai kwa kawaida hugongewa mwaka mzima, lakini ofisa wa uhamiaji huangalia bima, na bima ikiwa imebaki miezi minne, muhuri nao unaweza kuishia miezi minne hiyohiyo. Mwenye kurudi kutoka Mombasa na bima inayokaribia kuisha ajue hilo kabla ya kukata tiketi. Hapo kuhuisha bima kwanza ni nafuu kuliko kulilia muhuri baadaye.

Bima niliyokata Kenya, Uingereza au Ghuba inakubalika?

Inaweza kukubalika ikiwa inafika kiwango na inagharamia matibabu ndani ya Thailand kwa muda wote. Lakini kadi ya bima na barua ya kawaida ya kampuni hazitoshi. Ipo fomu maalumu ya cheti cha bima ya nje ambayo kampuni yako inapaswa kuijaza, kuitia sahihi na kuigonga mhuri. Kwa nyongeza ya muda ndani ya Thailand, ofisi inaweza kudai pia uthibitisho wa ubalozi wa nchi inakotoka bima na wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Thailand.

Kampuni kubwa za kimataifa mara nyingine hukataa kusaini fomu zisizo zao. Uliza kwa barua pepe, upate jibu la maandishi, tena miezi mitatu kabla. Wakikataa, njia rahisi ni kununua kwa kampuni ya Thailand iliyo kwenye orodha ya Chama cha Bima za Jumla cha Thailand. Chama hicho kina tovuti maalumu kwa ajili ya bima za wakaaji wa muda mrefu.

Mwenye bima nzuri ya kimataifa wakati mwingine analazimika kununua nyingine ndogo ya Thailand kwa ajili ya cheti tu. Inauma, maana unalipa mara mbili. Lakini tafadhali usiiache ile nzuri ukabaki na ile ya cheti kwa sababu ya hasira.

Mimi nina Medicare ya Marekani. Dada yangu ana NHS. Mjomba ana SHA ya Kenya. Haitoshi?

Haitoshi kwa viza, na karibu haitoshi kwa ugonjwa pia. Medicare, ukiacha hali chache sana, hailipi matibabu nje ya Marekani. NHS ni huduma ya wanaoishi Uingereza. Aliyehama kwenda kustaafu Thailand hawezi kutuma bili ya Chiang Mai huko. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya Oktoba 2024, na NHIF ya Tanzania zimejengwa juu ya hospitali zenye mkataba nyumbani. Endelea kuchangia za nyumbani kama unatarajia kurudi kutibiwa, lakini usiziingize kwenye hesabu ya Thailand.

Na ule mpango maarufu wa Thailand wa baht 30, ulioenezwa nchi nzima mwaka 2002, ni wa raia wao. Zaidi ya hapo, tangu 2019 hospitali za umma zimewekewa viwango tofauti vya ada kwa wageni, na mstaafu wa kigeni yuko kwenye kundi linalolipa zaidi.

Mama ana miaka 76, ana sukari na presha. Kampuni zimemkataa. Afukuzwe nchini?

Hapana, lakini msichelewe. Kampuni nyingi hazipokei mteja mpya aliyepita miaka 70 au 75, na zinazompokea hutoza pesa nyingi na kuyatenga magonjwa aliyonayo tayari. Kanuni imelifikiria hilo. Mtu aliyekataliwa na kampuni ya bima kwa sababu za kiafya anaweza kuonyesha hati ya kukataliwa pamoja na amana za benki, hisa au bima nyingine ambazo jumla yake haipungui baht 3,000,000.

Maana yake, mama anajidhamini mwenyewe. Hati ya kukataliwa iwe ya maandishi kutoka kampuni yenyewe. Neno la wakala kwenye WhatsApp halisaidii. Zile baht 800,000 za sharti la kawaida la fedha, ambazo mstaafu anayetumia njia ya amana hutakiwa kuwa nazo benki, msizihesabu ndani ya hizo milioni tatu kabla ya kuiuliza ofisi mtakayoomba, kwa sababu ofisi ndiyo itakayoamua.

Familia isiyo na milioni tatu za kuweka benki iangalie njia ya O ya kawaida, nimeieleza chini. Na kama mama hajahama bado, nasema kwa upendo: asiombe O-A. Aombe O tangu mwanzo.

Halafu kuna jambo ambalo watoto hulikwepa. Mtu wa miaka 76 mwenye sukari, asiye na bima, katika nchi ambayo hospitali binafsi hutaka kujua nani atalipa kabla ya kumlaza, anahitaji fedha inayofikika usiku wa manane. Kaeni kikao mpange ni akaunti ya nani, na nani ana ruhusa ya kutoa. Harambee ya WhatsApp huchukua siku kadhaa kujaa, na chumba cha wagonjwa mahututi hakisubiri.

Nikinyamaza kuhusu presha kwenye fomu ya bima, si nitapita?

Utapata cheti, ndiyo. Viza utaongezewa. Kisha siku ukilazwa, kampuni itaomba historia yako ya matibabu, na dawa unazomeza kila asubuhi zitaonekana. Kifungu cha 865 cha Sheria ya Kiraia na Biashara ya Thailand kinairuhusu kampuni kuutangua mkataba ikiwa mteja alificha kwa makusudi jambo ambalo lingeifanya ipandishe malipo au ikatae. Utakuwa umelipa miaka yote hiyo ukanunua karatasi.

Andika kila kitu. Ukitengewa presha, angalau saratani, mguu uliovunjika na homa ya dengi vitakuwa ndani ya mkataba.

Bima ikianza leo, kesho nikiugua inalipa?

Ajali, ndiyo. Magonjwa, soma mkataba. Bima za afya za Thailand kwa kawaida zina siku 30 za kungoja kwa magonjwa ya jumla, na siku 120 kwa kundi la maradhi kama mtoto wa jicho, ngiri, bawasiri, mawe kwenye figo au nyongo, mishipa iliyovimba miguuni, uvimbe na saratani. Ukihama kampuni kila mwaka ukifuata bei, siku hizo za kungoja huanza upya, na ugonjwa ulioupata katikati unageuka "wa zamani" mbele ya kampuni mpya. Ukipata kampuni inayolipa madai, kaa nayo.

Je, nichukue bima ambayo najilipia mwenyewe kiasi cha mwanzo?

Kwa wengi wenye akiba, ni uamuzi mzuri. Bima za namna hiyo zinataka ulipe, kwa mfano, baht 200,000 za kwanza kwa kila kulazwa, halafu kampuni inachukua inayozidi. Malipo ya mwaka hushuka sana. Mwenye baht 800,000 benki kwa ajili ya viza anaweza kudhani fedha hizo ndizo zitalipa zile 200,000 za kwanza. Hapana! Ukiongeza muda kwa njia ya amana, baht 800,000 zinatakiwa ziwe benki miezi miwili kabla na zibaki miezi mitatu baada ya kuongezewa, kisha zisishuke chini ya 400,000 hadi duru inayofuata. Ukizigusa wakati usiofaa, umelipa hospitali kwa viza yako. Tenga akiba nyingine.

Naweza kuhama kutoka O-A kwenda O ili niepuke sharti?

Unaweza, na ni halali. O-A haibadilishwi kuwa O ukiwa umekaa mahali pamoja. Inabidi ukaaji wako wa sasa uishe kwanza. Watu hutoka Thailand bila kuchukua kibali cha kurudi, na kwa kufanya hivyo nyongeza yao inakufa. Wanaingia tena kwa viza nyingine, au wanaomba O ubalozini wakiwa nje. Aliyeingia kama mtalii anaweza kuomba O ndani ya nchi kwa ada ya baht 2,000. Anapewa siku 90, na karibu na mwisho wake anaomba mwaka mzima wa kustaafu.

Tahadhari tatu. Hakikisha viza ya O-A yenyewe haiko hai, la sivyo utaingizwa nayo tena. Hakikisha pasipoti yako inakuruhusu kurudi: Mswahili mwenye pasipoti ya Uingereza na mwenye pasipoti ya Tanzania hawana masharti sawa, na kutoka bila kujua utarudije ni hatari. Na akaunti ya benki ya Thailand isifungwe katikati, maana kufungua mpya ukiwa mtalii kumekuwa kugumu.

Anayeanzia nyumbani apange na Ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Wasafiri kutoka nchi zetu hudaiwa cheti hicho.

Kwa hiyo mwenye O hahitaji bima?

Ofisi haimdai. Mwili wake unamdai. Serikali iliweka sharti hili baada ya miaka ya hospitali za umma kubaki na bili za wageni wasiolipa, na bili hizo ziliachwa na watu waliodhani watabaki na afya milele. Ikiwa unahama kwenda O ili uokoe fedha za cheti, fedha hizo zinunulie bima unayoichagua mwenyewe, yenye hospitali iliyo karibu na nyumba yako, bila kujali kama inafika milioni tatu kamili. Hiyo ndiyo faida halisi ya O: uhuru wa kuchagua bima inayokufaa.

Tena nunua ukiwa na miaka 55, kabla ya daktari kuandika chochote kwenye faili lako. Kila mwaka unaongoja, mlango unazidi kuwa mwembamba.

Siku ya kuongeza muda nibebe nini?

Fomu ya TM.7 (ya kuomba kuongeza muda), picha, pasipoti na nakala za kurasa zake, kitabu cha benki na barua ya benki, au uthibitisho wa kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, anwani unayokaa, na baht 1,900 za ada. Mwenye O-A aongeze cheti cha bima na nakala ya mkataba. Fedha ziwe benki ya Thailand. Ile ruhusa ya kuonyesha akaunti ya nchi yako ilikuwa ya ubalozini tu. Ofisi ya Chaeng Watthana kule Bangkok na ya Jomtien kule Pattaya zinaweza kutofautiana kwenye nakala wanazotaka, kwa hiyo pita siku moja kabla uchukue orodha yao. Ukichelewa kuongeza, faini ni baht 500 kwa siku hadi kufikia 20,000.

Nikisafiri kwenda nyumbani katikati ya mwaka?

Chukua kibali cha kurudi kabla ya kutoka: baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari nyingi. Bila hicho, nyongeza yako inafutika ukipita lango la uwanja wa ndege. Cheti cha bima kibebe mkononi, kisikae kwenye sanduku. Waliopita Zanzibar tangu Oktoba 2024, ambako mgeni hulipia bima ya lazima ya dola 44, wanajua jinsi ofisa anavyotaka kuona karatasi palepale.

Mke wangu ana miaka 44. Naye atadaiwa?

Hajafika 50, kwa hiyo hapati O-A kwa haki yake; hufuata kama mtegemezi kwa viza ya O, kwa cheti cha ndoa kilichotafsiriwa na kuthibitishwa. Cheti cha ndoa cha kadhi au cha bomani vyote vipitie uthibitisho huo. Bima mkatie, hata kama hakuna anayeidai.

Pikipiki?

Uliza kabla ya kupanda. Kampuni nyingi hukataa kulipa ajali ya dereva asiye na leseni inayomruhusu kuendesha pikipiki hiyo, na leseni ya gari haikufanyi dereva wa pikipiki. Barabara za Thailand ni kati ya zinazoua waendesha pikipiki wengi zaidi duniani. Kwa mtu mzima anayehamia kule, nadhani hatari hii ni kubwa kuliko magonjwa yote anayoyaogopa.

Nikifia huko, bima inanirudisha nyumbani?

Isipokuwa mkataba umesema hivyo, hapana. Sharti la O-A linahusu matibabu; kusafirisha maiti ni kipengele cha pekee, na bima nyingi za ndani hazina. Bima za kimataifa mara nyingi zinacho. Kama unataka kuzikwa kwenu, kiulizie kwa jina na uone kiasi kilichoandikwa.

Muislamu anayeridhia kuzikwa palepale hatapata shida kubwa: Bangkok, Chiang Mai na majimbo ya kusini kuna misikiti yenye makaburi na watu wanaojua kuosha na kukafini, na mazishi yanaweza kufanyika upesi baada ya hospitali na polisi kutoa hati. Ubalozi wa nchi yako hupaswa kuarifiwa. Kenya ina ubalozi Bangkok. Andika wosia wako wa mazishi, weka nakala pamoja na cheti cha bima, na namba ya ndugu mmoja wa nyumbani iwe kwa jirani, kwa mwenye nyumba na ndani ya pasipoti.